Masafa Yasiyofupishika: Misingi ya Kusanifu na Kujenga Reli ya Mfano Nyumbani

Ikisiri

Makala hii inafafanua misingi ya kusanifu na kujenga reli ya mfano katika nafasi ya nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba reli ya mfano si reli halisi iliyopunguzwa vipimo tu. Vichwa vya treni, mabehewa na majengo hupunguzwa kwa urahisi, lakini masafa, ambayo ndiyo sababu ya reli kuwapo, hayawezi kupunguzwa kiasi cha kuenea chumbani. Kwa hiyo, mjenzi hulazimika kuteua, na uteuzi huo ndio unaoamua iwapo kazi itakamilika au itaachwa. Makala inachambua skeli, geji, kona, mwinuko na ufikiaji wa mkono, kisha inaeleza ujenzi wa fremu, njia na mfumo wa umeme. Mwishoni, misingi hiyo inatumiwa katika kielelezo cha stesheni ndogo ya mizigo katika njia ya Tanga. Inahitimishwa kwamba swali la kwanza la usanifu ni kazi itakayofanywa na treni, wala si umbo la njia.

1.0 Utangulizi

Reli ya mfano ni mfumo wa njia, vichwa vya treni, mabehewa, majengo na mandhari uliojengwa kwa uwiano maalumu na reli halisi, na unaoweza kuendeshwa. Chimbuko lake la kibiashara ni vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionesha katika maonesho ya biashara ya Leipzig treni za kuchezea pamoja na njia zenye vipimo sanifu. Nchini Uingereza, treni za Hornby zilianza kuuzwa mwaka 1920. Kadiri muda ulivyopita, watu wazima waliingia katika shughuli hii kwa nia tofauti: si kuona treni ikizunguka tu, bali kuiwakilisha reli kama mfumo wa kazi. Kuundwa kwa chama cha kitaifa cha Marekani, NMRA, mwaka 1935 kulitokana na haja ya kuwa na vipimo vya pamoja ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viweze kutumika katika njia moja.

Pamoja na historia hiyo, tatizo la msingi la mjenzi wa nyumbani halijabadilika. Reli ni chombo cha kushinda umbali, ilhali chumba ni mahali pasipo na umbali. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa kilomita 1,250 hivi. Ikijengwa kwa uwiano wa 1:87, ambao hutumika sana duniani, ingehitaji zaidi ya kilomita 14. Kwa upande mwingine, ukuta wa mita 4 kwa uwiano huohuo unawakilisha mita 348 tu za reli halisi. Treni ya mizigo yenye kichwa kimoja na mabehewa 20, kila behewa likiwa na mita 12, ingezidi mita 250. Kwa maneno mengine, ukuta mzima ungetosha kuegesha treni moja na kuisogeza kidogo.

Hesabu hii ndiyo inayotenganisha usanifu na ndoto. Mjenzi anayeanza kwa kutaka stesheni kuu, karakana, bandari, mlima na njia mbili sambamba katika chumba kimoja hugundua ukweli huo baada ya mbao kukatwa na fedha kutumika. Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Katika reli ya mfano, aghalabu kinachoponyoka ni ukamilifu wa kazi yenyewe.

2.0 Skeli na Geji

Dhana mbili huchanganywa mara kwa mara, nazo ni skeli na geji. Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha mfano na kipimo cha kitu halisi. Geji ni umbali kati ya nyuso za ndani za pau mbili za reli. Reli nyingi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini hutumia geji sanifu ya milimita 1,435. Katika skeli ya HO, yaani 1:87, kipimo hicho huwa milimita 16.5. Katika skeli ya N, yaani 1:160, huwa milimita 9.

Uingereza inatoa mfano bora wa namna dhana hizi mbili zinavyoweza kuachana. Vichwa vya treni vya nchi hiyo ni vidogo kuliko vya bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuenea ndani ya mifano ya 1:87. Watengenezaji wakaongeza ukubwa wa mifano hadi 1:76 lakini wakaendelea kutumia njia ya milimita 16.5. Skeli hiyo, inayoitwa OO, ina njia ambayo ikikuzwa inakuwa na geji ya milimita 1,257 tu, yaani pungufu ya uhalisi kwa takribani milimita 178. Hata hivyo, skeli hiyo ndiyo iliyoenea zaidi Uingereza. Hali hiyo inadhihirisha kwamba usahihi wa kipimo kimoja si sharti la kuaminika kwa jumla. Mtazamaji husamehe geji finyu, lakini hasamehe treni inayotoka njiani kila inapofika kwenye kona.

Uchaguzi wa skeli huathiri nafasi, gharama na mikono. Skeli ndogo huruhusu masafa marefu zaidi katika nafasi ileile, lakini hudai macho makali na njia safi zaidi, kwa kuwa vichwa vyepesi hupoteza mgusano wa umeme kwa urahisi. Skeli kubwa hurahisisha ujenzi wa mabehewa kwa mkono, lakini humeza chumba. Kwa sababu hiyo, skeli haipaswi kuchaguliwa kwa kuvutiwa na kichwa kimoja cha treni dukani, bali baada ya kupima chumba.

3.0 Vikwazo Vitatu vya Chumba

3.1 Kona

Kona za reli halisi ni pana kuliko inavyodhaniwa. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 300 ingehitaji nusu kipenyo cha mita 3.45 katika skeli ya HO, na nusu duara lake lingehitaji chumba chenye upana wa karibu mita 7. Kona za kawaida za seti za kibiashara zina nusu kipenyo cha sentimita 45 hivi, sawa na mita 39 tu za uhalisi. Kwa hiyo, kila kona ya nyumbani ni makubaliano kati ya ukweli na ukuta.

Kanuni inayotumiwa sana na wajenzi ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisiwe chini ya mara tatu ya urefu wa behewa refu litakalopita hapo. Behewa la abiria la Ulaya lenye mita 26.4 huwa na sentimita 30 hivi katika HO, hivyo linahitaji nusu kipenyo cha sentimita 90. Behewa la mizigo la mita 12 huwa na karibu sentimita 14 na linatosheka na sentimita 42. Uamuzi wa kuendesha treni ya abiria badala ya treni ya mizigo unaongeza nafasi ya kona zaidi ya maradufu, hata kabla ya njia moja kuchorwa.

3.2 Mwinuko

Wajenzi wengi hupenda njia moja ipite juu ya nyingine. Katika HO, treni inahitaji nafasi ya takribani sentimita 8 kutoka uso wa njia ya chini, ukijumlisha na unene wa daraja. Kwa mwinuko wa asilimia 2, yaani kupanda sentimita 2 kwa kila mita, sentimita 8 zinahitaji mita 4 za kupanda na mita 4 nyingine za kushuka. Mwinuko ukifanywa wa asilimia 4, urefu hupungua kwa nusu, lakini uwezo wa kichwa cha treni kuvuta mabehewa hupungua sana, hasa pale mwinuko unapokutana na kona. Katika chumba cha mita 3 kwa 4, ambacho kuta zake zote kwa pamoja zina mita 14, daraja moja hutawala zaidi ya nusu ya mzunguko.

3.3 Ufikiaji wa Mkono

Kikwazo cha tatu hakihusu treni bali mwili wa binadamu. Mtu mzima aliyesimama hufikia kwa raha takribani sentimita 75 mbele yake. Njia yoyote iliyo mbali zaidi ya hapo haiwezi kusafishwa, na treni ikianguka huko haiwezi kurejeshwa bila kuharibu kilicho mbele. Meza ya mita 2.4 kwa 1.2 iliyosukumwa ukutani ina sehemu pana isiyofikika. Rafu nyembamba ya sentimita 40 inayofuata ukuta haina tatizo hilo, na huacha katikati ya chumba wazi kwa matumizi mengine ya familia. Jambo hili ni muhimu, kwa kuwa reli inayozuia matumizi ya chumba kinachotumiwa na watu wengi haina maisha marefu.

4.0 Uteuzi: Kazi Kabla ya Umbo

Vikwazo vilivyotajwa vinaweza kuonekana kuwa sababu ya kukata tamaa. Hata hivyo, waasisi wa usanifu wa reli za mfano waliviona kuwa mwanzo wa sanaa yenyewe. Katika miaka ya 1940 Frank Ellison wa New Orleans, aliyekuwa na uzoefu wa jukwaa la maigizo, aliifananisha reli ya mfano na tamthilia: stesheni ni maonesho, treni ni wahusika, na ratiba ndiyo msuko. Katika tamthilia, safari ya siku tatu huwakilishwa kwa mhusika kutoka upande mmoja wa jukwaa na kuingia upande mwingine. Vivyo hivyo, treni inayoingia nyuma ya jengo na kutoweka imesafiri, hata kama imesogea nusu mita.

John Armstrong wa Marekani aliiendeleza hoja hii kitaalamu. Katika kitabu chake kuhusu upangaji wa njia kwa uendeshaji wenye uhalisia, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1963, alisisitiza kwamba mpango uanze kwa kueleza kazi za reli. Pia aliweka njia rahisi ya kukadiria nafasi: chumba hugawanywa katika miraba ambayo upande wake ni sawa na nusu kipenyo cha chini kabisa pamoja na mara mbili ya nafasi kati ya njia sambamba. Kwa nusu kipenyo cha sentimita 45 na nafasi ya sentimita 5, kila mraba una upande wa sentimita 55. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kina miraba mitano na nusu kwa sita na nusu. Mchoro usioenea katika miraba hiyo hautaenea chumbani, hata ukichorwa kwa ustadi gani.

Mfano unaothibitisha zaidi nguvu ya uteuzi ni Inglenook Sidings, mpango uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Una vigeuza njia viwili tu, yaani vifaa vinavyoielekeza treni upande mmoja au mwingine. Una njia tatu za kuegeshea: moja hubeba mabehewa matano, na mbili zilizobaki hubeba matatu kila moja. Njia ya kuvutia hubeba kichwa cha treni na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane, na kazi ni kupanga matano yaliyoteuliwa kwa bahati nasibu katika mfuatano uliotolewa. Idadi ya mifuatano inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Rafu isiyofika mita 2 inatoa kazi ambayo mtu anayeifanya mara moja kila siku angehitaji zaidi ya miaka 18 kuimaliza. Uhalisia wake hautokani na wingi wa njia, bali na uchache wake: kila sentimita ina sababu ya kuwapo.

Inaweza kupingwa kwamba reli kubwa zilizosifika zinakanusha hoja hii. John Allen wa Monterey, California, alijenga reli ya Gorre & Daphetid iliyojaza chumba cha chini cha nyumba yake na kujulikana duniani kote. Lakini reli hiyo haikuanza hivyo. Ilianza kama ubao mdogo uliokamilishwa, ambao baadaye uliingizwa ndani ya reli kubwa na kubaki kuwa sehemu yake. Allen mwenyewe alibuni pia fumbo dogo la kupanga mabehewa, Timesaver, mwaka 1972. Kwa hiyo, ukubwa wa kazi yake ulitokana na udogo uliokamilika, si kinyume chake.

5.0 Ujenzi

5.1 Fremu

Fremu hubeba kila kitu, na kosa lake huonekana katika kila treni. Kwa reli kubwa, Linn Westcott, mhariri wa jarida la Model Railroader, alieneza fremu inayotumia papi mbili zilizounganishwa kwa gundi na skrubu ziwe na umbo la herufi L. Miguu huwekwa ndani kwa takribani moja ya tano ya urefu kutoka kila mwisho, ili uzito usawazike. Papi za kukatiza hufungwa kwa skrubu kutoka chini, hivyo zinaweza kuhamishwa hata baada ya mandhari kumalizika. Kwa rafu ndogo, fremu ya kawaida ya papi yenye plaiwudi juu inatosha. Katika hali zote mbili, pimamaji hutumika kila hatua, kwa kuwa behewa lililoachwa huru hutambua mteremko ambao jicho haliuoni.

Katika maeneo ya pwani yenye unyevunyevu, mbao hupakwa rangi pande zote kabla ya njia kulazwa. Mbao zinapofyonza unyevu hupanuka, na zinapokauka hujikunja, zikivuta reli pamoja nazo.

5.2 Kitanda cha Njia na Reli

Kabla ya mbao kukatwa, mpango huchorwa kwenye karatasi kwa ukubwa kamili na mabehewa hupangwa juu yake. Zoezi hili hufichua njia fupi mno kwa gharama ya karatasi tu. Baadaye, tabaka jembamba la koki au sponji ngumu hubandikwa ili kupunguza kelele, na njia hulazwa juu yake. Kokoto ndogo humwagwa kati ya mataruma na kushikiliwa kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, baada ya njia kujaribiwa kikamilifu.

Reli za chuma hutanuka kwa joto. Kwa aloi ya nikeli inayotumika kwa kawaida, mita 5 za reli huongezeka kwa zaidi ya milimita 1 joto likipanda kwa nyuzi 15 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, maungio machache huachwa na mwanya mdogo. Njia iliyoungwa yote bila mwanya asubuhi ya baridi inaweza kupinda mchana wa jua.

5.3 Umeme

Katika mfumo wa kawaida, pau mbili za reli hubeba mkondo wa moja kwa moja usiozidi volti 12 hivi. Volteji huamua kasi, na kubadilishana kwa chanya na hasi huamua mwelekeo. Udhaifu wake ni kwamba vichwa vyote vilivyo kwenye sehemu moja hutii amri moja, hivyo njia hugawanywa katika sehemu zenye swichi. Mfumo wa kidijitali, uliotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kipimo cha pamoja na NMRA katika miaka ya 1990, huipa njia volteji wakati wote pamoja na ujumbe. Kila kichwa kina dikoda yenye namba yake na hutii ujumbe unaokihusu tu.

Mifumo yote miwili hudai mambo mawili. Kwanza, waya hulehemiwa kwa kila kipande cha njia badala ya kutegemea maungio, ambayo hulegea na kushika kutu. Pili, njia inayozunguka na kurudi ilikotoka hukutanisha upau wa kushoto na ule wa kulia, hivyo husababisha shoti. Sehemu hiyo hutengwa kwa mianya na kupewa swichi yake. Kwa rafu ya kupanga mabehewa yenye kichwa kimoja, mfumo wa kawaida unatosha.

6.0 Kielelezo: Stesheni ya Mizigo katika Njia ya Tanga

Njia ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Arusha mwaka 1929. Geji yake ni mita 1. Kwa miongo mingi ilihudumia mashamba ya mkonge, ambayo baadhi yalikuwa na vijireli vyake vya kuleta majani viwandani. Mizigo ya singa ilipakiwa kuelekea bandarini, na mafuta na vifaa vilirudi kuelekea mashambani. Kazi hiyo ya kupakia, kushusha na kupanga mabehewa inaafikiana na mpango wa Wright. Kielelezo kinachofuata si nakala ya stesheni moja mahususi, bali ni uwakilishi wa aina ya kazi.

Geji ya mita 1 katika 1:87 ni milimita 11.5. Njia ya milimita 12 hutengenezwa kibiashara, hasa kwa ajili ya mifano ya reli za mita za Uswisi. Ikikuzwa inakuwa milimita 1,044, tofauti ya asilimia 4.4, ambayo ni ndogo kuliko ile iliyokubalika kwa miaka mingi katika skeli ya OO. Njia, magurudumu na mota vinaweza kununuliwa. Mabodi ya mabehewa na majengo hulazimika kujengwa kwa mkono kwa karatasi ngumu au plastiki, kwa kufuata picha na vipimo vya uhalisi.

Iwapo kila behewa pamoja na viunganishi vyake lina sentimita 12, na kichwa cha kupangia kina sentimita 15, njia ya kuvutia inahitaji sentimita 51, na kwa usalama 55. Kigeuza njia cha kwanza huchukua sentimita 20, sehemu ya kutengana njia sentimita 15, na njia ya mabehewa matano sentimita 60. Jumla ni sentimita 150. Ubao wa sentimita 180 kwa 40 unatosha na kuacha nafasi ya ghala la mkonge upande mmoja, ambalo huficha mwisho wa njia na kumfanya mtazamaji aamini kwamba reli inaendelea hadi baharini.

Hapa ndipo uteuzi unapojaribiwa. Wapenzi wengi wa reli za Afrika Mashariki wangependa kuona vichwa vya mvuke vya daraja la 59, ambavyo 34 vilijengwa na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Kimoja kina zaidi ya mita 31, sawa na sentimita 36 katika 1:87. Kichwa hicho pamoja na mabehewa matatu kingehitaji sentimita 72, hivyo kisingeenea katika njia ya kuvutia. Kukiingiza kungemaanisha kurefusha ubao, kubadili kazi na kubadili mahali, kwa kuwa vichwa hivyo vilifanya kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Hiyo ni reli nyingine, inayostahili mpango wake. Mjenzi anayelikubali hilo anapata stesheni inayofanya kazi. Asiyelikubali anapata kichwa kizuri kisicho na mahali pa kwenda.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba skeli, geji, kona, mwinuko na urefu wa mkono si orodha ya masharti yanayojitegemea. Kila kimoja hutokana na jibu la swali moja: treni itafanya kazi gani? Kazi huamua urefu wa treni, urefu wa treni huamua kona na njia za kuegeshea, na hivyo huamua ubao, fremu na umeme. Mjenzi anayeanza kwa umbo hulazimika kutafuta kazi ya kulijaza, na mara nyingi haipati. Kwa mjenzi wa Afrika Mashariki, ambaye hapati mifano ya reli za kwao ikiwa tayari dukani, msingi huu una manufaa ya ziada. Mabehewa manane yanaweza kujengwa kwa mkono na mtu mmoja, themanini hayawezi. Udogo wa mpango ndio unaoiwezesha reli ya Tanga kuwakilishwa kwa uaminifu, hata juu ya rafu ya nyumbani.